Deni la Kariokor

Jina ni mali ya mwisho ya mwanadamu. Mtu akifilisika hubaki nalo. Akifungwa huingia nalo kifungoni na kutoka nalo. Akifa huwaachia watoto wake, nao hulitunza kama watunzavyo shamba la mababu. Kwa hiyo kumnyima marehemu jina lake ni dhuluma isiyofanana na nyingine, maana aliyedhulumiwa hawezi kushtaki, na aliyedhulumu hana wa kumwogopa. Katika insha hii nakusudia kushtaki kwa niaba ya watu waliotendewa hivyo. Washtakiwa wangu ni wawili. Wa kwanza ni utawala uliowatuma watu hao kufa. Wa pili, msomaji wangu kijana, ni mimi na wewe.

Nianze na safari. Wakati wa likizo moja nilifuatana na kundi la wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu kwenda Taita-Taveta kutazama uwanja wa vita. Kilima cha Salaita si kirefu. Mtu apitaye njia ya Voi kwenda Taveta aweza kukiacha nyuma bila ya kugeuza shingo. Lakini tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, wengi wao wakiwa askari wageni kutoka Afrika Kusini, yalikishambulia kilima hicho yakidhani yatakitwaa kwa urahisi. Wajerumani na askari wao wa Kiafrika walikuwa wamejichimbia mahandaki, nao waliwarudisha nyuma washambuliaji kwa hasara kubwa. Tulitembea juu ya kilima, tukasimuliana habari za siku ile. Baadaye tulikwenda katika makaburi ya kijeshi ya Taveta, tukaona mawe yaliyopangwa safu kwa safu, na majina yamechongwa juu yake ili mpita njia ajue ni nani amelala pale.

Tulipokuwa kilimani mmoja wetu alitoa kitabu mfukoni akasoma shairi la Wilfred Owen, mshairi Mwingereza aliyekufa vitani. Alisoma vizuri, nasi tulinyamaza kwa heshima. Alipomaliza, msichana mmoja mwenye asili ya mtaa wa Kariokor, Nairobi, aliniuliza, "Mwalimu, wachukuzi walisimama wapi?"

Nilinyosha mkono ili nimwonyeshe, nikaona sina pa kuonyesha. Askari alikuwa na handaki lake, na handaki huacha alama ardhini. Mchukuzi hakuwa na handaki. Uwanja wake wa vita ulikuwa njia: alipigana nayo kwa nyayo, na njia ile ilimwua. Nyayo hazikai ardhini miaka mia. Nilimjibu, "Uwanja wao haukuanzia hapa. Ulianzia mlangoni kwenu." Maneno hayo yalinitoka kabla sijayapima, lakini nilipoyapima niliona ni kweli, nami tangu siku ile sijapata raha. Ndiyo sababu naandika.

Yafaa kwanza tujue wachukuzi hao walikuwa nani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, nchi hii iliyokuwa chini ya Waingereza ilipakana na nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania bara. Majeshi yalifukuzana kutoka mipaka ya Kenya hadi Msumbiji, na mwisho hadi Zambia ya leo. Reli zilikuwa chache, na barabara za magari zilikuwa chache zaidi. Farasi, punda na ng'ombe waliuawa na ndorobo. Mnyama aliyebaki kubeba mizigo alikuwa mwanadamu.

Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja, maana hesabu hii ina machozi ndani yake. Tuseme mtu mmoja anabeba mzigo wa ratili 50, yaani kilo 23 hivi, nao ni unga. Tuseme yeye mwenyewe anakula ratili 2 kwa siku. Siku ya 25 mzigo umekwisha, na aliyeula ni yeye aliyeubeba. Akitakiwa arudi alikotoka, hana budi kugeuka siku ya 12 au ya 13, naye atakuwa hakumfikishia askari hata kibaba kimoja. Basi kadiri jeshi lilivyokwenda mbali ndivyo wachukuzi walivyohitajiwa zaidi, wengine wakiwabebea chakula wachukuzi wenzao, na hao nao wakihitaji wa kuwabebea. Hesabu hii ndiyo iliyozoa watu vijijini. Kwa upande wa Waingereza peke yake, katika miaka yote ya vita, watu waliofanya kazi hiyo wanakisiwa kuwa karibu milioni moja.

Je, walikwenda kwa hiari? Wachache walikwenda hivyo mwanzoni. Baadaye, mwaka 1915, ilitungwa sheria ya kuwalazimisha, na mwaka 1917 ulifanyika msako mkubwa katika wilaya za nchi hii. Mshahara wa mchukuzi ulipunguzwa hadi rupia 5 kwa mwezi mwanzoni mwa kazi. Aliandikishwa kwa nambari na kupewa kibati cha kuvaa chenye nambari hiyo. Alikula unga ambao mara nyingi haukuiva, maana safari haimpi mtu nafasi ya kuchemsha chungu, na watu wengine hawakuuzoea unga wa mahindi tangu kuzaliwa. Alilala mvuani. Walioangamia kwa risasi walikuwa wachache. Walioangamia kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi mno. Hesabu za serikali zenyewe zilikiri vifo zaidi ya 95,000 vya Waafrika waliotumikia upande wa Waingereza, na sehemu kubwa kabisa ya vifo hivyo ilikuwa ya wachukuzi. Wanachuoni wengi wanaona hesabu hiyo ni pungufu.

Kambi kuu ya wachukuzi hao katika Nairobi ilikuwa mahali ambapo leo ni Kariokor. Hapo waliletwa, wakahesabiwa, wakafungiwa mizigo, wakapelekwa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Hayo ni maneno mawili makavu, yaliyoandikwa katika daftari na karani ambaye hakuwa na haja ya uzuri. Lakini wachukuzi waliyachukua maneno hayo kama walivyochukua kila kitu kingine. Waliyaweka ulimini, wakayaongezea irabu na mdundo wa mwendo, nayo yakawa Kariakoo, yakawa Kariakor, yakawa Kariokor. Dar es Salaam nako, ambako Waingereza waliweka kambi ya namna hiyo baada ya kuutwaa mji, jina hilo lilishika hata leo, na soko la Kariakoo lajulikana na kila Mtanzania.

Sasa nakuomba, msomaji, ulitamke jina hilo polepole. Wewe hulisikia kila siku katika midomo ya makanga wa matatu. Hulisikia ukitumwa kununua kiondo, au viatu vya ngozi, au ukialikwa kula nyama ya kuchoma. Umelisikia mara nyingi hata halina maana tena sikioni mwako. Walakini jina hilo ni kazi ya ulimi wa mtu. Kuna siku mtu mmoja alilitamka hivyo kwa mara ya kwanza, mwenzake akacheka akalirudia, na safu nzima ikaondoka nalo. Huyo kwangu ni mshairi. Utungo wake ni wa neno moja, nao ndio mnara wa pekee ambao wachukuzi walijijengea wenyewe. Minara mingine yote walijengewa na watu wengine.

Hapa nasikia mtu ananikatiza. Anasema, "Mwalimu, usitutanie. Mshairi ni Owen. Mchukuzi alikuwa mtu wa kubeba magunia, na nyimbo za kubebea magunia si mashairi."

Namjibu hivi. Katika lugha yetu shairi na wimbo ni ndugu wa tumbo moja. Tungo za wazee wa pwani zilisikiwa kwa sikio kabla ya kusomwa kwa jicho. Safu ya wachukuzi haikwenda kimya siku zote. Palikuwa na wa kuanza, na palikuwa na wa kuitikia. Wimbo ulipanga hatua, ulimfanya dhaifu asibaki nyuma, ulimkejeli msimamizi katika lugha asiyoijua, na ulimkumbusha mtu nyumbani. Askari wa Keya nao walikuwa na nyimbo zao za safari, na mmoja ujulikanao kwa jina la Funga Safari umeishi hata leo. Ukimwuliza mwimbaji nani aliyeutunga, hana jibu. Mtu akiimba kiongozi akaanguka, wa nyuma yake alikuwa hana budi kuupokea wimbo, kama vile alivyokuwa hana budi kuupokea mzigo. Wimbo ulifika, mtunzi hakufika.

Simwonei wivu Owen. Ni mshairi mkubwa, nami nitaendelea kumfundisha. Aliuawa kaskazini ya Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918, akiwa na umri wa miaka 25, wiki moja tu kabla ya mapigano ya Ulaya kukoma. Taarifa ya kifo chake ilimfikia mama yake tarehe 11 Novemba, siku ile kengele za amani zilipokuwa zikilia. Ni nani asiyemhurumia mama huyo? Lakini nataka umhurumie na mama mwingine, yule wa Machakos, au wa Nyeri, au wa Kisumu, ambaye hakupata taarifa yo yote. Yeye alikaa mlangoni akihesabu misimu. Kengele zile hazikulia kwake. Majeshi ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki yaliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Siku gani basi mama huyo alijua kuwa hana mtoto? Huenda hakuna siku. Huenda alijua kidogo kidogo, kama mtu ajuavyo kwamba anazeeka.

Tazama na jambo jingine. Owen alipokufa, mashairi yake yaliyokuwa yamechapishwa yalikuwa machache sana. Kama watu wake wangalikaa kimya, sisi tusingalimjua. Waliobaki hai waliyakusanya maandishi yake, na mwaka 1920 rafiki yake Siegfried Sassoon alisaidia yatokee kuwa kitabu. Na wala usidhani kwamba hiyo ni desturi ya Wazungu peke yao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyetunga mashairi makali wakati Mombasa ilipokuwa ikipambana na Sayyid Said, alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu. Miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyafuata midomoni mwa wazee na kuyaandika, akishirikiana na William Taylor, na mwaka 1940 yalitokea kitabuni. Kwa hiyo Owen hakujihifadhi mwenyewe, wala Muyaka hakujihifadhi. Walihifadhiwa. Mshairi aliyekufa hana mikono. Kumbukumbu yake ni kazi ya walio hai. Mshairi wetu wa safu ya wachukuzi hakukosa kipaji. Alikosa Sassoon, na alikosa Mwalimu Sikujua.

Badala ya hao, alipata nini? Nenda katikati ya mji, katika barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue. Hapo, tangu mwaka 1928, pamesimama sanamu za shaba za watu watatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Ni sanamu nzuri, wala sitaki zivunjwe. Soma maneno yaliyo chini yake. Yapo kwa Kiswahili pia. Yanawasifu wachukuzi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake hata akafa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Maneno hayo yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi mashuhuri wa Uingereza. Kipling mwenyewe alikuwa baba aliyefiwa: mwanawe John alipotea katika vita vya Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na baba alikufa bila ya kuonyeshwa kaburi la mtoto wake. Walakini jina la John lilichongwa katika jiwe huko Ufaransa, pamoja na majina ya wenzake waliopotea.

Basi linganisha. Aliyepoteza mwana mmoja alilipata jina la mwanawe jiweni. Watu waliopoteza makumi ya maelfu ya wana walipata sentensi nzuri juu ya thamani ya jina, na chini ya sentensi hiyo hakuna jina hata moja. Ilitakiwa mshairi wa ng'ambo awasemee watu waliokuwa na washairi wao. Hili ndilo shtaka langu kwa mshtakiwa wa kwanza.

Wala halikuwa kosa la kusahau. Tume ya makaburi ya vita ya dola ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917, ilitangaza kanuni njema kwamba wafu wote wa vita watakumbukwa sawasawa, kila mmoja kwa jina lake, bila ya kujali cheo. Katika Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa. Katika Afrika ya Mashariki iliamuliwa kwamba kwa wachukuzi, na kwa askari wengi wa Kiafrika, sanamu za pamoja zatosha: moja Nairobi, moja Mombasa, moja Dar es Salaam. Iliwachukua zaidi ya miaka mia kukiri kosa. Mwezi wa Aprili 2021 tume hiyo ilitoa ripoti iliyokiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni mwezi huo huo.

Hapo wengi wetu tulipiga makofi. Tulisema, "Wamekiri!" Kisha tukarudi kwenye shughuli zetu. Sasa nageuka kwa mshtakiwa wa pili. Kukiri kwao ni kwao. Je, sisi tumeandika majina mangapi? Jiwe la Kenyatta Avenue lilisema watoto watakumbuka. Serikali ya kikoloni haikuwa mtoto wa mchukuzi. Kipling hakuwa mtoto wa mchukuzi. Watoto ni sisi. Ahadi ilitolewa bila ya idhini yetu, ni kweli. Lakini deni la mzazi humfuata mwana hata kama hakuwapo lilipokopwa.

Wako watu wenye elimu wanaonipinga kwa hoja nyingine, nayo ni nzito kuliko ile ya kwanza. Wanasema, "Vile vilikuwa vita vya mabwana wawili wakigombania shamba ambalo si lao. Mwafrika aliyekufa humo hakufa kwa ajili ya nchi yake. Kumkumbuka ni kuutukuza ukoloni. Tuwakumbuke waliopigania uhuru, inatosha."

Nusu ya maneno hayo nayakubali kwa mikono miwili. Vita havikuwa vyetu. Jiwe likisema kwamba mchukuzi alipigania nchi yake, linasema uongo, maana wengi walikamatwa. Lakini hoja hiyo inamaliza vibaya mahali ilipoanza vizuri. Mtu akinyang'anywa ng'ombe wake kwa nguvu, je, kumtaja mwenye ng'ombe ni kumsifu mnyang'anyi? La. Ni kuanza kumshtaki. Mnyang'anyi ndiye anayependa mwenye mali asitajwe. Ukoloni ulimtwaa mtu, ukampa nambari, ukamzika bila ya jina. Leo sisi tunasema, "Asitajwe, maana alikuwa mali ya mkoloni." Je, huoni kwamba tunaikamilisha kazi ya mkoloni kwa mikono yetu wenyewe, tena bila ya mshahara? Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyekaa kivulini hawezi kumwambia aliyebeba gunia kwamba gunia lake halikuwa na heshima.

Tena, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi inaikataa hoja hiyo waziwazi. Eastlands ni kitabu cha majina, kama ukijua kukisoma. Ofafa ni jina la Ambrose Ofafa, na Mbotela ni jina la Tom Mbotela, watu wawili wa siasa za mji waliouawa katika siku za Hali ya Hatari, Mbotela mwaka 1952 na Ofafa mwaka uliofuata. Watu hubishana hata leo juu ya siasa zao, lakini hakuna anayedai kwamba wafutwe. Karibu na Shauri Moyo liko soko la Burma, na jina hilo linatukumbusha askari wetu waliopelekwa kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma, ambako mwaka 1944 divisheni ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua na matope. Kutoka Kariokor hadi Burma kijana mwenye afya hutembea chini ya saa moja. Katika mwendo huo mfupi amepita juu ya vita viwili vya dunia. Ajabu ni kwamba wafu wengi wa vita vile vya pili wamechongewa majina, wakiwamo Waafrika. Ukitaka kuona, nenda katika makaburi ya vita yaliyo Ngong Road. Basi jambo la kuandika jina la Mwafrika aliyekufa vitani halikuwa jambo lisilowezekana. Lilikuwa jambo lililokataliwa kwanza, likakubaliwa baadaye, na deni la nyuma likaachwa bila ya kulipwa.

Hoja ya tatu ni ya wavivu, nami sitakaa nayo sana. Wanasema, "Miaka mia imepita; majina hayapatikani." Ni kweli kwamba mengi yamepotea. Lakini mtu aliyepoteza mfuko wa fedha hakatai kuokota shilingi moja aionayo kwa sababu nyingine hazionekani. Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu. Nami naongeza kwamba aliyekuwapo na asiandikwe, lake pia halipo.

Haya ndiyo nikutakayo ufanye, nawe waweza kuyafanya kabla ya muhula huu kwisha, bila ya fedha na bila ya kungoja kibali cha mtu.

Kwanza, uliza. Ukienda nyumbani, ketini pamoja na nyanya au babu, umwulize kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyechukuliwa kwenda Kariakoo asirudi. Usiulize kwa haraka kama karani. Mzee huanza kwa kusema hajui, kisha hunyamaza, kisha huanza kukumbuka. Yeye hakumwona mtu huyo, lakini huenda alimsikia mama yake akimtaja. Ukipata jina, liandike: jina, mahali alipotoka, na jina la aliyekueleza. Ukipata wimbo, hata wa mstari mmoja, uandike kama ulivyo, wala usiutengeneze uwe mzuri.

Pili, leta karatasi hiyo darasani. Darasa likiwa na majina matatu, ni matatu ambayo hayakuwa popote jana. Fungueni daftari moja gumu, liwekwe katika maktaba ya shule, na lisomwe kwa sauti kila mwaka tarehe 25 Novemba au siku ya shule iliyo karibu nayo. Owen asomwe siku hiyo pia. Wafu wa vita hawana ugomvi. Mashamba waliyouawa kwayo yalikuwa mbalimbali, lakini mama zao walilia kwa sauti moja.

Tatu, tunga. Wewe unayesoma hapa una lugha ambayo mchukuzi yule alisaidia kuieneza kwa miguu yake, maana katika kambi na njia zile watu wa makabila mengi walilazimika kuelewana, na mara nyingi Kiswahili ndicho kilichowaelewesha. Ukipanda matatu jioni, makanga akaita jina la mtaa, jua kwamba unasomewa shairi. Mjibu. Mtungie mtunzi wake beti chache. Hutaweza kumtaja kwa jina, lakini utaweza kumwambia kwamba neno lake limefika.

Niliporudi kutoka Salaita nilikwenda na yule mwanafunzi wangu hadi kwao. Tulisimama kando ya soko saa za jioni. Watu walikuwa wakishusha magunia kutoka katika mikokoteni, na kijana mmoja alipita na gunia mgongoni akiomba njia. Tulimpisha. Mwanafunzi alimtazama hata akapotea katika umati, kisha akasema nyanya yake aliwahi kumtajia mtu mmoja, ndugu wa babu, ambaye husemwa tu kwamba "alienda na mzigo." Nilimwuliza jina lake. Alisema hakuwahi kuuliza.

"Nyanya yu hai?" nikamwuliza.

"Yu hai," akajibu.

"Basi nenda sasa."

Aliondoka hata bila ya kuniaga, nami sikuona kuwa amenikosea adabu. Wewe nawe, msomaji, kama unaye mzee nyumbani, funga kitabu hiki uende.